Binti yangu alimlisha keki mama yake mdogo, mimi nikitazama kwenye simu

Anti, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kike, kwetu ni Tanga. Nafanya kazi za ndani hapa Muscat. Niliondoka binti yangu hajatimiza miaka miwili, nikamwacha kwa mama yangu pamoja na mdogo wangu wa kike ambaye bado yuko nyumbani. Mkataba wa kwanza ulipoisha niliunganisha wa pili bila kurudi. Baba wa mtoto alishaoa kwingine na matumizi hatumi. Hilo nimeshalimaliza moyoni, sikuandikii kwa ajili yake.

Nakuandikia kuhusu bethdei ya mtoto. Najua wapo watakaoliona jambo dogo.

Mwaka wa kwanza nikiwa huku nilituma hela ya keki na soda, watoto wa jirani wakaitwa, wakapigwa picha kwa simu. Mwaka uliofuata nikaongeza pilau na gauni. Ikawa kila mwaka inakua. Mwaka jana alipotimiza mitano nilituma laki tatu na nusu. Mdogo wangu akatafuta mpambaji, ukuta wa sebuleni ukafunikwa kitambaa cha pinki na baluni za rangi ya dhahabu, akaja na mpiga video. Madam aliniruhusu niingie chumbani saa kumi na moja jioni ya huku, nyumbani ni saa kumi, nikaunganishwa kwa imo, ile programu ya kupigiana simu za video. Simu wakaiegesha juu ya kabati ili niwaone wote.

Ukafika wakati wa kulishana keki. Aliyekuwa akiongoza shughuli akasema kwa sauti, "Haya, kipande cha kwanza mlishe mama!" Binti yangu akachukua kipande kwa vidole, krimu imemjaa mpaka kwenye kiganja, akapita mbele ya simu akaenda kumlisha mdogo wangu. Vigelegele. Mdogo wangu kafumba mdomo, anaitazama simu, hajui apokee au akatae. Mtu mmoja akasema, "Siyo huyo, mama yako yuko kwenye simu." Mtoto akageuka, akanipungia mkono kama anavyompungia mgeni yeyote, kisha akamwambia mdogo wangu, "Mama, kula basi, inanidondoka." Nikakata, nikasingizia mtandao.

Kinachonichoma zaidi, Anti, ni kwamba katika nyumba hii nimemlea mtoto wa tajiri wangu tangu wa siku chache. Jino lake la kwanza niligundua mimi, nilikuwa namlisha uji kijiko kikagonga. Hatua zake za kwanza alipiga kutoka kwenye kochi kuja kwangu. Alipotimiza mwaka walimfanyia sherehe yao ya hol hol. Akakalishwa chini katikati ya watoto wa ukoo, wakammwagia kichwani bisi, pipi na sarafu, watoto wakawa wanagombania. Bisi nilikaanga mimi. Nikacheka na wenzangu, halafu nikaenda kulia jikoni, bomba la maji nimelifungulia wasinisikie. Ya mwanangu nayaona kwenye picha tu. Juzi nimetumiwa picha ya pengo, jino la chini limeng'oka, bibi yake kampeleka uani wakalirusha juu ya bati. Mimi sikuwepo.

Sasa Novemba anatimiza sita, na Januari anaanza darasa la kwanza. Mdogo wangu anasema safari hii tufanye kubwa: tukodi ukumbi mdogo, MC, keki ya ghorofa mbili, tualike watoto wa chekechea yake, maana wenzake wanafanyiwa. Hesabu yake inakaribia milioni moja. Mama yangu hataki kabisa. Anasema bethdei si mambo ya dini yetu na ustadhi wa madrasa ameshalisemea. Anasema pia kila sherehe ikipita mtoto hushinda siku mbili tatu amenuna na anakojoa kitandani, wakati alishaacha. Mimi nina boma langu limesimama kwenye renta tangu mwaka juzi, hela hiyo ni bati kabisa.

Mkataba unaisha Septemba. Tajiri anataka nisaini miaka miwili mingine, ameongeza mshahara na kuahidi likizo, lakini baada ya Ramadhani, yaani bethdei imeshapita. Wiki iliyopita binti yangu aliniuliza, "Mama wa Oman, usipotuma keki nitabaki na miaka mitano?" Nikacheka, lakini swali halijatoka kichwani.

Je, nifanye hiyo kubwa, ili akikua aone kwenye video kwamba mama yake hakumsahau? Niache kama mama anavyotaka? Au nisisaini, nirudi nimlishe keki kwa mkono wangu mwenyewe, halafu baada ya hapo tule nini? Na je, nimkataze kumwita mama mdogo wake "mama"?

Mama wa Oman

MAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana na kazi, na pole kwa jioni ile ya keki. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na wala sioni kama umeandika jambo dogo.

Umeniuliza kuhusu sherehe, hela, mkataba na jina la "mama". Lakini naona yote yanatoka kwenye hofu moja: kwamba mtoto anakutoka, na kila Novemba ni siku ya kupima amekutoka kiasi gani. Kama nimekuelewa vibaya utanisahihisha. Kama nimekuelewa sawa, basi tuanzie hapo, maana hofu ya namna hiyo ukumbi wa milioni hautaituliza.

Turudi kwenye kipande cha keki. Mtoto wa miaka mitano, chumba kimejaa watu, mtu mzima anampigia kelele amlishe mama. Kwake yeye mama ni yule anayemwogesha, anayemsuka, anayemwamsha kwenda chekechea. Wewe siku ile ulikuwa sura ndogo juu ya kabati. Alimfuata aliye karibu, na mkono ulikuwa unadondosha krimu. Wewe uliona amechagua. Mimi katika maelezo yako sioni mtoto aliyekuwa akichagua. Yule aliyemwambia "siyo huyo" alikusudia wema, lakini alimfanya mtoto aonekane amekosea mbele ya wageni, siku yake mwenyewe.

Nikuulize na hili: wewe ulipokuwa mdogo, wadogo wa mama yako uliwaitaje? Huku kwetu mama mdogo ni mama, na wengi wetu tumekua na akina mama watatu wanne bila aliyetuzaa kupungukiwa kitu. Ukimkataza, anaweza kuelewa kwamba kumpenda mmoja ni kumkosea mwingine, na kwa umri wake huo ni mzigo. Mdogo wako naye utamuumiza, na ndiye anayekulelea. Unaweza badala yake kumpa maneno ya kuelezea hali yake: huyu ni mama mdogo anayekaa na wewe, mimi ni mama niliyekuzaa, wote wako. "Mama wa Oman" limekuuma mpaka umelitia sahihi, lakini lina habari njema ndani yake pia. Mtoto anajua kuna mama mwingine, anajua yuko wapi, na maswali yake makubwa anampelekea yeye.

Swali lenyewe la miaka mitano usilichekee. Wanaochunguza makuzi ya watoto wameona kwamba baadhi ya watoto wa miaka mitatu hadi mitano huamini kweli kuwa sherehe ndiyo inayoongeza umri: hakuna keki, hakuna mwaka mpya. Kwa hiyo alikuuliza jambo analotaka kulijua, na huenda limemtia wasiwasi, kwa sababu ameshasikia kwamba akifika sita anaanza darasa la kwanza. Mjibu. Mwambie miaka inakuja yenyewe hata tukilala usingizi, keki ni furaha tu ya kuipokea.

Sasa mama yako. Ametoa sababu mbili na ningependa uzitenganishe. Ya kwanza ni ya dini. Unajua kwamba wapo wanazuoni wanaokataza kabisa sherehe za kuzaliwa, na wapo wanaoona hapana ubaya ikiwa hakuna la haramu ndani yake. Mimi si sheikh, sitaingia humo. Ila nyumba ni ya mama yako, na kila mwaka unamtia mtihanini kati ya ustadhi wake na mapenzi yake kwako. Pwani hatujakosa njia za kumfurahia mtoto. Bila shaka wa kwako alinyolewa akafanyiwa akika, alitolewa arobaini, na siku moja atahitimu juzuu yake ya kwanza madrasa, watoto wenzake wakae mkekani wasomewe dua, wale maandazi na chai ya maziwa. Muulize mama: lipi kati ya hayo angelifanya kwa moyo mkunjufu? Swali hilo hajaulizwa, naona anaulizwa kukubali au kukataa tu.

Sababu ya pili ndiyo iliyonishika. Mtoto aliyeshaacha kukojoa kitandani akirudia, aghalabu kuna jambo limemsumbua, ingawa linaweza pia kuwa ugonjwa. Ikijirudia mara kwa mara, au akilalamika maumivu akienda haja ndogo, wampeleke kituo cha afya wapime mkojo kwanza. Asichapwe, asiaibishwe mbele ya wenzake. Halafu zungumza na mama taratibu, umuulize siku zile kunakuwa na nini hasa. Watu wanamwambia mtoto maneno gani? Nina shaka moja, nayo ni shaka tu: katika sherehe hizi wageni hupenda kusema, "Kua haraka mama aje," au "Bethdei ijayo mama yako atakuwepo." Watu wazima tunasema kupoza mambo. Mtoto anahesabu. Kama kila mwaka anaahidiwa na kila mwaka baluni zinapasuka wewe hujatokea, basi kununa kwake kuna maana. Likiwa ndilo hilo, ukumbi na MC vitalikuza tu, na hata sherehe ndogo italirudia mpaka maneno yenyewe yakome.

Kuhusu video ya kumwonyesha akikua. Naelewa kabisa unachotafuta, unataka ushahidi. Fikiria lakini atakachokiona: watu, keki, gauni, na simu juu ya kabati. Video itasema ulituma. Kwamba ulimkumbuka usiku wa kawaida wa Jumatano, baada ya kufunga jiko, haitasema. Na gharama umeziona mwenyewe zinavyopanda. Baada ya ghorofa mbili ya mwaka huu, mwaka kesho mtashuka vipi bila mtoto kuuliza? Hata hivyo, sherehe ina faida zake, na mdogo wako hajakosea kabisa. Mtoto anapenda kuwa katikati ya wenzake siku moja. Na huenda mdogo wako ana sababu nyingine ambayo hajaisema. Kumbuka alivyofumba mdomo akiitazama simu. Yule binti aliumia pamoja na wewe, na inawezekana anataka kubwa ya mwaka huu ili kuifuta ile ya mwaka jana. Muulize. Ni msichana mwenyewe, analea mtoto wa dada yake katika miaka ambayo wenzake wanahangaikia maisha yao, na katika barua yako yote sikuona mahali umemshukuru. Najua shukrani unayo.

Kuacha kabisa kuna hatari yake pia. Mtoto amezoea kwamba Novemba kuna baluni kutoka Oman. Zikikatika ghafla bila maelezo, anaweza kudhani kilichokatika ni wewe. Mkiamua kupunguza, aambiwe mapema na wewe mwenyewe, na apewe kitu cha kuchagua: rangi ya keki ndogo, au marafiki watatu wa kuita. Na iwe ndogo au kubwa, usikubali tena kuwekwa juu ya kabati. Omba simu yako iwe asubuhi, kabla wageni hawajaja, yeye na wewe peke yenu, bado ana usingizi na kanga ya bibi. Saa moja ya nyumbani ni saa mbili huko; pengine madam atakupa dakika kumi.

Sasa nikuonyeshe kitu katika barua yako mwenyewe. Umeandika kana kwamba hukuona chochote cha mwanao. Uliondoka akikaribia miaka miwili. Jino lake la kwanza lilikukuta. Hatua zake za kwanza zilikukuta. Sindano ya surua ya miezi tisa na ile ya mwaka na nusu ulimpeleka wewe, ukasimama foleni, ukashika ile kadi ya kliniki muuguzi akiweka nukta ya uzito kwenye mstari wa kijani. Miaka hiyo yeye hawezi kuikumbuka. Hakuna anayekumbuka, kumbukumbu zetu wengi zinaanzia miaka mitatu au minne. Kwa hiyo sehemu hiyo ya maisha yake imehifadhiwa kichwani mwako, na siku yenyewe ya kuzaliwa hakuna aliyeiishi kama wewe. Mdogo wako anaweza kupamba ukuta. Hawezi kumsimulia uchungu ulianza saa ngapi, kama mvua za vuli zilikuwa zinanyesha, nani alikimbia kutafuta bajaji, alilia vipi, kwa nini mlimpa jina lile. Mwombe mama akutumie picha ya kadi ya kliniki, kila ukurasa. Halafu mtumie mtoto sauti, fupi fupi, hadithi moja kwa usiku mmoja. Mama mdogo ambonyezee asikilize anapolala, na akiomba irudiwe, irudiwe. Haigharimu bati hata moja. Ila sauti haitamshika mkono akiugua, na sitaki kukudanganya kwamba itatosha.

Kurudi sasa. Sitakwambia saini au usisaini, maana mimi sitakuwepo siku unga umeisha. Nikuambie tu baadhi ya mambo ya kupima. Wazazi wanaorudi baada ya miaka mara nyingi hukuta mtoto anajificha nyuma ya aliyemlea, anakataa kulala nao, anawaita "wewe". Huchukua miezi kulainika. Kwa hiyo ukirudi, kwa jumla au kwa likizo, usipange kutokea ghafla ukumbini MC akitangaza. Utalia, watu watalia, na mtoto anaweza kukukimbia mbele ya kamera. Na likizo ina kuondoka tena ndani yake. Hilo nalo lina bei, na mtoto atalilipa pamoja na wewe.

Nimeona pia umeitaja Januari kwa nusu sentensi. Sare mpya, madaftari, lango la shule. Hiyo hatua haitarudi, na haihitaji keki. Tajiri anakuhitaji Ramadhani, kazi za jikoni mwezi ule zinajulikana, ndiyo maana likizo kaiweka baadaye. Lakini sasa hivi yeye ndiye anayekuomba usaini, na nafasi ya kuzungumza ni kabla ya saini. Je, likizo ya Novemba au Januari haizungumziki, hata kwa wiki chache, urudi kabla ya mfungo? Ukikubaliwa, tarehe na tiketi viandikwe kwenye mkataba. Akikataa, utakuwa umejua msimamo wake kabla ya kujifunga. Na mtoto asiambiwe neno mpaka tiketi iko mkononi.

Upande wa pili wa mizani upo, sijausahau. Miaka miwili yenye nyongeza inaweza kulipaua boma na kubaki na mtaji wa kuanzia, na wapo waliorudi mapema wakajikuta wanaondoka tena ndani ya mwaka, mtoto akaachwa mara mbili. Kaa uandike kwa kalamu: bati na mbao ni kiasi gani, umebakiza nini, biashara gani Tanga ungeianza na kwa shilingi ngapi. Ukiona namba, huenda ukagundua ni miezi kumi na minane unayohitaji na si miaka miwili, au ni miaka minne na hapo utafikiri upya.

Kuhusu mtoto wa tajiri wako, usijione umemwibia mwanao. Ulimpenda mtoto aliyewekwa mikononi mwako, na usingeweza kumlea vizuri bila kumpenda. Siku ukiondoka huko, naye atakuulizia.

Anza na mama, kuhusu usiku wa kukojoa. Umsikilize mpaka amalize, kisha umpigie mdogo wako. Niandikie tena mkishazungumza. Na mwambie mdogo wako asilipe advansi ya ukumbi kwanza, maana hizo huwa hazirudishwi.